Bangili ya Mkono wa Kushoto

Mtaani kwa masonara walimwita Bi Jicho, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba akiitwa kwa jina lake halisi kwenye foleni ya benki huchelewa kuitika. Jicho lenyewe lilikuwa la kulia, lile aliloliwekea lenzi kila siku mpaka ngozi ya chini yake ikaota mkunjo wa duara. Kazi yake haikuwa kutengeneza vito bali kuvisema: hiki dhahabu, hiki kimechovywa tu, hiki cha zamani kweli, hiki cha juzi kimezeeshwa kwa moshi na tindikali ili kimpate mjinga. Watu walimletea vitu vya marehemu wao vimefungwa kwenye leso, kwenye soksi, na mmoja aliwahi kuvileta ndani ya birika la chai. Wakiwa wanasubiri, hawakukosa kumkumbusha kwamba si kila king'aacho ni dhahabu, utadhani yeye ndiye aliyehitaji kuambiwa.

Kazi hiyo ilimfundisha mengi kuhusu ndugu wa tumbo moja. Aliwaona wakiingia wameshikana mikono kwa msiba, wakatoka kila mtu na njia yake kwa sababu ya kipini cha pua. Kwa hiyo alijiwekea sheria. Hamwambii mrithi mmoja thamani ya kitu kama wenzake hawapo, na neno likishamtoka halirudishi, hata mteja apige magoti. Watu walimchukia kidogo kwa hilo, kisha wakamletea na vitu vya shangazi zao. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na vito navyo vina mwosha wao.

Mumewe alikuwa sonara, fundi wa mkono wa kushoto, na mtaa ukamwita Mashoto kwa kuwa mtaa haujichoshi kutafuta majina. Meza zao mbili zilitazamana katika duka jembamba: mke alipima, mume alichoma lehemu na kuchonga nakshi. Nakshi za Mashoto zililala upande ambao za mafundi wengine hazilali, kama mvua ya upepo, na Bi Jicho angeweza kuzitambua kwa ukucha akiwa amefumba macho. Wateja wengine, kwa kuogopa wezi, walimwomba awatengenezee mfano wa shaba wa kitu chao na auchovye dhahabu, wauvae huo njiani na kile cha kweli kikae kabatini. Alikubali. Lakini kila cha bandia kilichotoka mezani kwake alikitia chale, mkato mdogo wa tupa upande wa ndani karibu na bawaba, ili siku kikimfikia mpimaji ukweli ujulikane. "Uongo wa kuvaa si dhambi," alizoea kusema. "Uongo wa kuuza ndio dhambi." Alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Meza yake ilibaki na koleo zake kama alivyozipanga, na kigoda chake hakikukaliwa tena. Mkewe aliifuta vumbi kila wiki na hakuruhusu mtu aiwekee hata kikombe.

Kisha mama yake Bi Jicho naye akafariki, akiwa amezeeka na kuchoka, na akaacha watoto watatu na kisanduku kimoja cha vito.

Wa kwanza ni Dada Mkubwa, aliyekuwa matroni wa bweni la wasichana na ambaye baada ya kustaafu aliendelea kuwa matroni wa ukoo. Wa pili ni Bi Jicho. Wa mwisho ni mwanamume, fundi umeme, mwenye mvi kidevuni na wajukuu, na bado anaitwa Mziwanda. Ujana wa Mziwanda ulikuwa wa kamari na marafiki wasio na anwani, lakini alikuja kutulia, na tangu atulie hakukuwa na mtoto kama yeye. Haikupita wiki bila kumpelekea mama kitu: mtungi wa gesi, dawa, balbu, au maneno tu. Majirani walimtolea mfano kwa watoto wao.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na mkufu, pete mbili, na herini za mawe mekundu ambayo ukoo mzima uliyaita yakuti. Yalikuwa vioo. Bi Jicho alilijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza kazini na akalimeza, kwa vile hakuna aliyemuuliza. Lakini roho ya kisanduku ilikuwa bangili mbili pana za dhahabu, zenye bawaba na maua ya kuchongwa, zilizotoka kwa bibi yao mzaa mama, ambaye naye alizipata kwa mama yake. Siku chache kabla ya kufa mama aliwaita wote watatu akagawa kwa mdomo wake. Bangili ya mkono wa kulia ni ya Dada Mkubwa. Ya kushoto ni ya Jicho. Vilivyobaki vyote ni vya Mziwanda, akampe mkewe. Akasema wagawane tu, pasiwe na kupimapima.

Dada Mkubwa hakuwa mtu wa "tu". Msiba ulipokwisha alisema vitu vipimwe, kila mmoja ajue amepata nini, ili baadaye pasije pakatokea mtoto wa mtu kudai baba yake alipunjwa. Alikuwa na nia njema, na nia njema ya Dada Mkubwa haikuzuilika. Akamkabidhi Bi Jicho kisanduku, wakaahidiana kukutana Jumapili kwa mama.

Sasa, kulikuwa na jambo lililomchoma Bi Jicho miaka mingi, na hakuwahi kulitoa nje. Mama yake hakumpa bangili zile mkononi. Utotoni walizivaa wote kwa kupokezana, zikiwashuka hadi kiwiko, wakicheka. Lakini tangu awe mtu mzima na mpimaji, mama alizificha kwenye mkono wa gauni akimwona. Kila mwaka alizileta dukani zisafishwe, na kila mwaka alimpita binti yake, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Mashoto. Hata siku za ugonjwa, Bi Jicho alipomwogesha, mama aliunyoosha mkono mmoja na mwingine akaung'ang'ania kifuani. Mtaa mzima ulimwamini na dhahabu yao, na mama yake mzazi hakumwamini. Ni neno gumu kulala nalo, naye alilala nalo.

Kwa hiyo mchana ule, alipofunga mlango wa duka nusu na kufungua kisanduku, alijiona kama mtu anayefungua barua ya mwenzake. Aliitoa ya kulia kwanza. Ilijaa kiganjani kwa uzito ule wa utotoni. Maua yalikuwa yamelika kwa kuvaliwa, kingo zimelainika, lehemu ya rangi ile ambayo mafundi wa leo hawaijui tena. Machozi yakamtoka. Akaiweka chini, akaichukua ya kushoto, na kabla haijafika chini ya lenzi mkono ulishajua.

Hakuuamini mkono. Akaikwaruza kidogo kwenye jiwe la kupimia, akadondosha tindikali, na ule mstari ukatoka povu la kijani ukapotea. Akaipima kwenye mizani, akaipima tena ikining'inia ndani ya maji. Shaba. Shaba iliyochovywa dhahabu, na kwa ndani, pale inapogusana na ngozi, uchovyo ulikuwa umeisha na kijani kimeota. Hapo akakumbuka alama ya kijani kwenye kifundo cha mkono wa mama, aliyoiona alipokuwa akimwogesha na akadhani ni ugonjwa. Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Bi Jicho huyo, wa kusifiwa mtaa mzima.

Ndipo alipoyatazama maua. Yalikuwa yamelala upande ambao maua ya bibi hayalali.

Akainua macho akaitazama meza ya mumewe. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na yeye alikuwa amewahi kuwaambia wengine kwa urahisi tu. Akaigeuza bangili kutafuta chale. Karibu na bawaba, hapana. Upande wa pili, hapana. Alipitisha lenzi mzunguko mzima na hakuona mkato wowote. Palibaki mahali pamoja tu pa kutazama, chini ya pini ya bawaba, na ili kupaona ni lazima pini igongwe itoke. Alishika nyundo ndogo, akaiweka chini. Alijiambia kwamba kitu cha urithi hakivunjwi kabla warithi wote hawajakiona. Ilikuwa sheria nzuri, na ilimfaa sana siku hiyo, kwa sababu ukweli ni kwamba aliogopa.

Siku zilizobaki kabla ya Jumapili zilikuwa mbaya. Alipima vitu vya watu huku akili yake ikizunguka palepale. Mashoto alipewa bangili asafishe, akarudisha shaba. Mama aligundua, akanyamaza asije akaivunja nyumba ya binti yake, na ndiyo maana hakutaka tena kumpa kitu mkononi. Alimwona naye mwizi, mke wa mwizi. Kila kumbukumbu aliyoigusa ilikubali maelezo hayo. Hata mizani aliyoitumia kila siku: si waliinunua miaka ileile mama alipoanza kuzificha bangili, na Mashoto akasema kazi zimechanganya? Alijaribu kumkasirikia mumewe na akashindwa, akajaribu kumtetea akashindwa pia. Usiku alinusa shati lake la kazi, lile alilokataa kuligawa, halafu akalirudisha kabatini kwa hasira.

Kufikia Jumapili alikuwa amepata njia. Ya kushoto ilikuwa yake kwa wosia. Angesema bangili zote mbili ni za kazi nzuri, angeichukua yake akaenda nayo, na siri ya mtungi ingebaki kwa kata. Huo haukuwa uongo kamili. Alijirudia hilo njia nzima.

Walikaa sebuleni kwa mama, kiti cha mama kikiwa kitupu na mto wake bado una shimo. Mke wa Mziwanda aliwapa chai akawaachia nafasi. Bi Jicho alieleza mkufu na pete, na hata vile vioo vyekundu alivieleza, na Mziwanda akacheka kidogo akasema mkewe hatajua tofauti. Alipofika kwenye bangili, Dada Mkubwa alikuwa ameshazichukua, moja kila mkono, akizigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mdogo wangu, mimi naomba tubadilishane," alisema. "Hii ya kulia imechakaa, maua yote yamefutika. Hii yako bado inang'aa. Na mkubwa ni mkubwa, au vipi?"

Mipango ya watu haikufika mbali mbele ya Dada Mkubwa. Bi Jicho angeweza kumpa. Angempa, na Dada Mkubwa angeivaa shaba kwa maringo mpaka kufa kwake, kisha binti zake wangekuja siku moja na leso mezani kwa mpimaji. Huo sasa ungekuwa uongo wa kuuza.

"Iache hiyo, dada. Hiyo ni shaba. Imechovywa."

Kwenye kona yake Mziwanda alisema, kwa sauti ya chini kama anayejisemea, "Lakini mama aliikomboa."

Dada Mkubwa hakumsikia, kwa kuwa yeye tayari alikuwa anauliza: ni nani aliyekuwa akipewa bangili hizi azisafishe? Bi Jicho akajibu kwamba ni mume wake. Na bila kuulizwa akaongeza kuwa maua yale ni ya mkono wake, maana hakutaka baadaye aonekane alificha. Dada Mkubwa akaiweka bangili mezani polepole, kama kitu cha moto. Hakuwa mtu mbaya, na alimpenda Mashoto, na labda ndiyo sababu ilimuuma hivyo.

"Basi tulikuwa tunamkaribisha mwizi," alisema. "Na mama akawa anamwandalia chai."

Bi Jicho alifungua mkoba akatoa nyundo ndogo na sindano ya chuma. Aliwaeleza kuhusu chale kwa maneno machache, na kwamba kama haipo chini ya pini, basi neno la dada yake ni la kweli na yeye mwenyewe atalirudia mbele ya mtu yeyote. Akaiweka bangili juu ya kitabu cha simu cha zamani, akagonga. Pini ilikuwa ngumu. Akagonga tena, ikatoka, bawaba ikaachia, na pale ndani, safi kama imekatwa asubuhi hiyo, palikuwa na chale.

Furaha iliyompata ilikuwa kali hata ikamtia aibu. Mashoto hakuiba. Aliyetia chale alitengeneza kwa kuombwa, na bangili hii hakuna aliyeweza kuiomba isipokuwa mama. Aliificha chale chini ya pini kwa sababu aliyeiomba alitaka isionekane na mtu, na kwa sababu alimjua mtu mmoja tu ambaye siku moja angeifungua bangili ile.

Dada Mkubwa aliinama akatazama. "Mkwaruzo huo ndio ushahidi? Haya, dhahabu ilikwenda wapi?"

Bi Jicho aliinua macho akamtazama mdogo wao. Mziwanda alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Ndipo yale maneno ya kwenye kona yakamrudia Bi Jicho masikioni. Mtu hawezi kusema kitu kimekombolewa kama hajui kwamba kilitoka. Akaelewa yote kwa mara moja: ujana ule wa kamari, mama aliyeamka mkono mtupu na hakupiga kelele, aliyekwenda kwa mkwewe fundi akaomba bangili ya shaba ili pasiwe na wa kuuliza ya dhahabu iko wapi. Na baadaye, kitandani, ya kushoto akampa Jicho. Alimpa shaba akijua ni shaba, kwa kuwa alihitaji mwosha wa kuisitiri aibu ile. Ilimuuma na ilimpa heshima, na hakujua kipi kilizidi.

Alimngoja Mziwanda aseme. Alimpa muda wa kutosha. Mziwanda aliangalia chai yake.

"Mama aliiuza mwenyewe," akasema Bi Jicho. "Alikuwa na shida zake, hakutaka tujue. Akamwomba mume wangu amtengenezee hii, na mume wangu akamtunzia siri."

Ulikuwa uongo, wa kwanza kumtoka akiwa na lenzi shingoni. Lakini aliutia chale. Maneno yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, aliyasema akimkazia macho Mziwanda, na hakumgeukia dada yao hata mara moja.

Hasira za Dada Mkubwa hupita kama zilivyokuja. Alilia, akamlaumu mama kwa kujinyima wakati ana watoto wanaojiweza, akaomba radhi kwa marehemu shemeji kwa sauti, akielekea dirishani kana kwamba Mashoto anasimama uani. Halafu akataka kumpa Bi Jicho ile ya kweli. Bi Jicho akakataa. Alisema mama alijua anampa nani nini, ile ya shaba akairudishia pini na kuivaa palepale.

Mtaa wa masonara haukumwacha salama. Bi Jicho na shaba mkononi! Walimtania kwamba uzee umefika machoni, kwamba mganga hajigangi. Aliwajibu ni ya mama yake, na hilo liliwatosha.

Mziwanda alikuja wiki ile, mchana, wakati hakuna wateja. Alisimama katikati ya duka akiwa na mkoba wake wa spana, kama aliyeitwa kutazama soketi. Bi Jicho alimwambia akae. Kiti kilikuwa kimoja tu, kigoda cha Mashoto, na Mziwanda akamtazama kwanza kabla hajakikalia, kwa kuwa alijua.

"Niliiuza mimi, dada."

Akasema yaliyobaki bila kuombwa. Aliichukua mama akiwa amelala, akaipeleka kwa mtu anayeyeyusha, na kufika jioni alishaipoteza pesa yote. Alingoja mama apige kelele. Mama hakupiga. Alivaa magauni ya mikono mirefu kwa muda, akampikia, akamuuliza kama amekula. Kisha asubuhi moja akamkuta anamimina chai na bangili zote mbili zikigongana, na yeye Mziwanda akaenda nyuma ya nyumba akatapika kwa faraja. Aliamini mama ameikomboa kabla haijayeyushwa. Hakuwa na uso wa kumuuliza aliikomboa kwa pesa gani. Siku ile ndiyo aliyoacha kamari, na tangu hapo kila mtungi wa gesi aliompelekea ulikuwa na maneno ambayo hakuyasema.

"Nikasema, Mungu amenisitiri," alimalizia.

"Na mama, na shemeji yako."

Akauliza kama atamwambia Dada Mkubwa. Bi Jicho akajibu kwamba neno lake likitoka halirudi, ila la Mziwanda bado liko mdomoni mwake, na atajua mwenyewe lini. Halafu akaivua bangili kwenye mkono wa kushoto, akaiweka kwenye kiganja cha mdogo wake. Mziwanda hakuwa amewahi kushika hii. Aliyowahi kushika ni ile nyingine, usiku ule, na kiganja kilikuwa kinaukumbuka uzito wake. Akaipandisha na kuishusha.

"Mbona nyepesi hivi?"

"Nyepesi," Bi Jicho akasema. "Ndiyo maana mama hakunipa niishike hata siku moja."

Mziwanda aliinamia meza ya Mashoto, kichwa kikiwa katikati ya koleo, akalia. Koleo moja ilisogea mahali pake. Bi Jicho aliiona, na akaiacha hapo.